Ukimfundisha Ngumi, Umekuwa Mdhamini Wake

Alikuja darasani Alhamisi ile bila kimono. Alikaa kwenye benchi la mlangoni, mkoba mapajani, akatutazama tukipasha misuli na kupiga mateke mpaka tukainama kuagana. Ni binti wa miaka ishirini na kitu, wakala wa kutuma na kupokea pesa. Kibanda chake kipo njia ya Njiro, si mbali na ukumbi tunaofanyia mazoezi hapa Engutoto. Wiki moja kabla, saa mbili usiku akiwa anafunga kibanda, alipigwa kabali kwa nyuma.

Alifanya yote niliyomfundisha. Alishusha kidevu, akaukamata mkono uliomkaba, akasogeza nyonga pembeni, kiwiko kikaingia mbavuni. Mkono ukalegea, akachomoka. Kisha akapiga yowe, neno moja tu, lile nililowafundisha mimi mwenyewe kwa sababu ndilo linalowatoa watu ndani: "Mwizi!"

Wakatoka kweli. Wa kijiwe cha bodaboda, wa chipsi, wa baa. Yule kaka alikuwa amekaa chini anashika mbavu, hana silaha, hana tena nguvu ya kumdhuru mtu. Jiwe la kwanza lilimpata begani. Aliyemwokoa ni mwenyekiti wa mtaa, aliyemburuta hadi ndani ya geti lake na kufunga mpaka polisi walipofika. Wakati huo tayari kulikuwa na mtu anayeuliza petroli iko wapi.

"Mwalimu," aliniambia tulipobaki wawili, "ulinifundisha kujitoa kwa yule mmoja. Kuwazuia wale wengine mbona hukunifundisha?"

Nimefundisha karate na kujihami miaka mingi na sikuwa na la kumjibu. Haya ninayoandika sasa nayaandika kwa walimu wenzangu, kwa mzazi anayetafuta darasa la mwanawe, na kwa mtu mzima aliyechoka kutembea na hofu akatamani kujifunza. Nina neno moja: ukimfundisha mtu kupiga, umemwekea dhamana. Atakachofanya kwa mkono ule, sehemu yake itakurudia.

Moto wa wazee

Wazo hili si la kigeni, na wala halikuja na kimono kutoka Japani. Chini ya Mlima Meru, Wamaasai na Waarusha hawakuwahi kumkabidhi kijana mkuki na rungu kisha wakamwacha ajiongoze. Kila rika la morani lina wazee wake, olpiron, watu wa rika lililotangulia kwa hatua mbili, wale waliowapekechea moto wa kuanzisha rika lao. Hao ndio wanaowaonya, wanaowabariki na wanaowaadhibu. Morani wakivuruga, watu hawaishii kuuliza ni kijana gani. Wanauliza wazee wake walikuwa wapi.

Walimu wa karate nao walilijua hilo. Gichin Funakoshi, Mwokinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mwanakarate haanzi yeye kupiga. Huku kwetu, miaka ya 1970, Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyefundisha mtindo wa Goju-ryu Dar es Salaam, aliacha dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, linaloitwa Hekalu la Kujilinda. Sikiliza jina lenyewe. Limebeba ulinzi na limebeba ibada, na hekaluni mtu haingii na kila alichonacho moyoni.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu ni kujua anamfundisha nani na kwa nini. Mtu akija na jina la adui mdomoni, "nataka nimwoneshe fulani", usichukue ada yake mwezi huo. Mwambie aje kukaa benchini majuma mawili atazame. Mwenye kisasi huchoka kutazama. Mwenye haja ya kujilinda hurudi. Na mwajiri akikuomba uwafundishe walinzi wake "wampige mtu asirudi tena", mkatalie, kwa sababu akishikwa mlinzi, atakayesimama kizimbani ni yule mwenye mshahara mdogo.

Kujihami ni haki, kukomoa si haki

Nimekutana na wenye mikanda ya rangi zote ambao hawajawahi kuelezwa sheria inasemaje, nami nilikuwa mmoja wao. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, katika vifungu ambavyo kwa miaka mingi vimejulikana kama 18, 18A, 18B na 18C, inampa kila mtu haki ya kuutetea mwili wake na wa mwenzake, na kuitetea mali yake na ya mwingine. Lakini inamruhusu nguvu ile tu inayohitajika kwa utetezi huo, tena iwe ya kiasi. Ukizidisha, unawajibika kwa madhara yaliyotokea. Ukizidisha mtu akafa, kosa ni kuua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Sheria hiyo hiyo inakubali kwamba yapo mashambulizi mazito, ya kutishia uhai, ya ubakaji au ya utekaji, ambayo mtu anaweza kujitetea hata kwa kuua.

Mwanafunzi hatakumbuka namba za vifungu akiwa amekabwa. Anachohitaji ni picha. Mimi huwapa hii: kijana juu ya pikipiki amekupora simu pale taa za barabarani. Wakati mkono wake uko kwenye simu yako, unaruhusiwa kuvuta, kusukuma, kupiga mkono uachie. Pikipiki ikishaondoka, hakuna tena cha kujihami. Ukimfukuza ukamkuta ameanguka kwenye mtaro, ukampiga teke la kichwa, teke hilo halina jina lingine zaidi ya shambulio, na sasa mshambuliaji ni wewe. Unaweza kumshika na kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumhukumu pale mtaroni si kazi yako.

Ndiyo maana darasani kila pigo linatakiwa lifundishwe pamoja na mwisho wake. Usiwafundishe watu mapigo matano mfululizo ukasema "malizia". Wafundishe pigo moja, hatua mbili nyuma, macho yaangalie mikono ya yule mtu na njia ya kutokea, kisha miguu ikimbie. Mwili hurudia ulichozoea. Aliyezoezwa kumalizia atamalizia hata pale ambapo adui ameshainua mikono.

Neno la kupiga yowe

Narudi kwenye swali la yule binti, maana ndilo gumu kuliko yote, na ni letu sisi. Vitabu vya kujihami vinavyotoka ng'ambo vinasema: piga kelele, watu waje. Havijui kwamba kwetu watu wakija wanaweza kuja na tairi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, katika ripoti zake za miaka ya 2010, kilihesabu mamia ya watu waliouawa na umati nchini kwa mwaka. Miongoni mwao wamo wezi, wamo waliofananishwa, na wamo waliosingiziwa na mtu waliyekuwa na ugomvi naye. Katika mtaa wa namna hiyo, neno "mwizi" ni silaha kubwa kuliko ngumi yoyote niliyowahi kufundisha, na ukishaitupa huwezi kuirudisha mfukoni.

Upande wa pili una ukweli wake pia. Mwanamke akilia "nisaidieni" usiku, mapazia yanafungwa. Watu wanasema ni mambo ya mke na mume, usiingilie. Mama mmoja aliniambia waziwazi: "Mwalimu, nikisema nisaidieni nitakufa peke yangu. Nikisema mwizi wanakuja." Hakuwa anatania. Mwalimu akimnyang'anya mwanamke neno linalomwokoa, lazima ampe jingine linalofanya kazi.

Tumejaribu mengi, na lililobaki ni hili: "Simjui huyu! Niacheee! Simjui huyu!" Linawaambia jirani kwamba huo si ugomvi wa ndani, na halimhukumu mtu kifo. Ukiwa mtaani kwako, ita jina la jirani: "Mama Fulani, toka! Baba Fulani, toka!" Anayeitwa kwa jina hutoka, na akitoka anajua kesho ataulizwa. Kama anayekushambulia unamjua, litaje jina lake kwa sauti. Mtu akisikia jina lake linatangazwa, giza linakuwa limemwishia.

Wakishatoka, kazi yako haijaisha. Sema sentensi moja, iwe tayari kinywani kabla ya siku hiyo: "Nimeshatoka, yuko chini, mwiteni mwenyekiti, pigeni 112." Ukiwa na nguvu ya kusimama kati yao, simama. Ukiwa huna, sema tu, rudia, mtaje aliye karibu kwa jina umpe kazi ya kupiga simu. Umati haujui uanze na nini. Ukiupa kazi ya maana mapema, baadhi watashika hiyo.

Maka peni nyekundu

Kuna uongo mmoja ambao walimu tunauza sana: kunyang'anya kisu. Mwanafunzi anakuja na kisu cha mpira, taratibu, mkono umenyooka kama amekuja kusalimia. Sensei, yaani mwalimu, anaukamata, anauzungusha, kisu kinaanguka, watu wanapiga makofi. Wanafunzi wanarudi nyumbani wakiamini wanaweza kupambana na kisu.

Fanya jaribio hili kabla hujaamini. Wape wanafunzi wawili fulana nyeupe zilizochakaa, na mmoja mpe maka peni nyekundu bila kifuniko. Mwambie ashambulie kama mtu mwenye hasira, achome na kurudisha, achome na kurudisha, nusu dakika. Mwingine atumie ufundi wake wote. Nilifanya hivyo na kijana wangu hodari, mwenye mkanda wa kahawia. Alimnyang'anya mwenzake ile kalamu, na darasa likashangilia. Kisha nikamwambia avue fulana aitandaze sakafuni. Mstari mmoja ulikuwa chini ya kwapa, mitatu tumboni, mmoja mrefu ndani ya mkono pale mshipa unapopita, na nukta moja shingoni ambayo hata yeye hakujua imeingia lini. Pamoja na alama nyingine, tukahesabu kumi na moja. Hakuna aliyeshangilia tena.

Tangu siku hiyo, somo la kwanza la kisu ni pochi. Itupe upande wa kulia, kimbia upande wa kushoto. Simu ya laki tatu inanunulika tena. Yapo mapigo ya kisu, ndiyo, ya mtu aliyebanwa ukutani asiye na pa kukimbilia, na tunayafundisha. Lakini tunayaita kwa jina lake: bahati nasibu ya mwisho.

Anayekushambulia unamjua

Matangazo ya madarasa ya kujihami yana picha moja: uchochoro, giza, mtu mwenye kofia. Takwimu zinasema vingine. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16, wanawake 4 kati ya 10 wenye miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15, na aliyetajwa zaidi ni mume au mwenza. Mwalimu anayewaandaa wanawake kwa mgeni wa uchochoroni peke yake amewaacha bila kitu mbele ya yule anayelala nao nyumba moja.

Mwanamke akikufuata baada ya darasa akakuambia ni mume, usimwoneshe pigo jipya. Pigo linaweza kumwokoa usiku mmoja na kumletea kipigo kikubwa zaidi usiku wa pili. Msikilize, muulize kama kuna watoto, muulize atalala wapi leo. Mwelekeze Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au afisa ustawi wa jamii. Kama anayeumizwa ni mtoto, namba ya 116 inapigwa bure. Mwalimu anatakiwa kuyajua haya kama anavyozijua kata zake, ile mifululizo ya mapigo ya karate.

Nairobi wametuonesha kwamba mafunzo mazuri yanaweza kusaidia. Huko mtaa wa Korogocho mabibi walijikusanya wakajiita Shosho Jikinge, wakajifunza kupiga kelele na kulenga pua ya mbakaji. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuata wasichana wa shule katika mitaa duni ya jiji hilo waliofundishwa kujihami saa mbili kwa wiki, wiki sita. Kabla ya mafunzo, karibu robo yao walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono katika mwaka uliotangulia. Baadaye wakawa chini ya mmoja kati ya kumi, wakati kundi la kulinganisha halikubadilika sana. Utafiti mmoja si msahafu. Ila tazama walichofundishwa: kutambua hatari mapema, kukataa kwa sauti na kuondoka, huku ngumi ikiwa ya mwisho.

Lipo na la kukatazwa kabisa. Mtu akikusimulia yaliyompata akasema "niliganda", usithubutu kumwambia "ungepiga yowe" au "ungetumia kiwiko". Kuganda ni kazi ya mwili, hata wa askari. Ukimlaumu unamfungulia kidonda kingine. Mwambie: uko hai, umefanya vizuri. Kama ni ubakaji, asioge, aende hospitali haraka, kwa kuwa dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Fomu ya PF3, ya kutibiwa majeraha, hupatikana polisi, lakini kama damu inamwagika, uhai kwanza.

Mikono ya mwalimu

Kujihami kunafundishwa kwa kugusana. Huwezi kumfundisha mtu kujitoa kwenye kabali bila kumkaba. Hapo ndipo mwalimu mwenye nia mbaya hupata mlango, na mwalimu mwenye nia njema huweza kuumiza bila kujua. Kanuni zetu hazina ugumu. Omba ruhusa kila mara: "Nikushike bega?" Akisema hapana, mfundishe kwa maneno, usimwulize sababu. Darasa zima lijue kwamba ukigonga mkono mara mbili, anayekukaba anaachia papo hapo, hata akiwa sensei. Mtoto asifundishwe peke yake ndani ya chumba. Mlango uwe wazi, na benchi la wazazi liwepo.

Kumbuka kwamba unamfundisha mtu kusema "niache". Akishindwa kulisema kwako, hataweza kulisema kwa mwingine.

Kabla hujalipa ada

Wewe unayetafuta darasa, nenda ukae benchini siku moja, kisha muulize mwalimu maswali haya. Sheria inaniruhusu kupiga mpaka wapi? Nikikutana na kisu nifanye nini? Akijibu la pili kwa ufundi tupu bila neno "kimbia", shukuru uondoke. Umewahi kumkataa mwanafunzi, na kwa nini? Mzazi anaruhusiwa kukaa? Mkanda mweusi unachukua muda gani? Anayekuahidi kwa miezi sita anauza kitambaa. Semina ya siku moja yenye cheti ina faida yake ya kukufungua macho, lakini mwili haujifunzi kwa siku moja. Usitoke pale ukijiona Bruce Lee.

Mtazame pia mwanafunzi wake wa zamani kuliko wote. Akiwa mtulivu, anamsaidia mgeni kufunga mkanda, anaomba radhi akigusa uso wa mtu, mwalimu huyo ni mzuri. Akiwa ndiye anayewachapa wageni ili wamwogope, umeshaona utakavyokuwa baada ya miaka mitano.

Siku hizi, dakika kumi za mwisho za kila Alhamisi ni za yowe. Mara ya kwanza tulipofanya, "Simjui huyu!" zikapasua ukuta, mama wa chapati wa jirani akaingia ukumbini na mpini wa jembe, nyuma yake wazee wawili. Niliomba radhi, kisha nikawaomba wakae. Tangu hapo tunafanya nao. Mmoja anashambulia, mmoja anajitoa, wengine wote ni mtaa. Zoezi haliishi anapochomoka. Linaisha pale aliyeanguka amekalishwa chini salama, mtu mmoja yuko kwenye simu, na mikono yote haina kitu.

Yule wakala wa pesa amerudi na kimono chake. Kwenye zoezi hilo hataki kuwa anayekabwa. Hilo, anasema, analijua tayari. Anaomba kuwa mtaa. Anatoka mbio na wenzake, jiwe la sponji mkononi, na kila Alhamisi ndiye wa kwanza kuliweka chini.